Wanaofurika getini baada ya ajali: tuwapokee au tuwazuie?

SWALI: Mimi ni muuguzi mfawidhi katika hospitali ya kanisa iliyo kando ya barabara kuu ya Moshi–Arusha. Mwaka jana basi dogo liligongana na lori karibu nasi. Kabla hatujajipanga geti lilishajaa: bodaboda, kina mama wa sokoni, vijana wa kwaya, wanafunzi wa uuguzi waliokuwa likizo, wote wamekuja kusaidia. Wengine walisaidia kweli, wengine walituvuruga, na mmoja alirusha picha za majeruhi mtandaoni kabla ndugu hawajapata habari. Sasa mganga mfawidhi anataka siku kama hiyo geti lifungwe, aingie mgonjwa na mtumishi tu. Mimi naona tutapoteza mikono tunayoihitaji. Je, tunaweza kuwatumia watu hawa bila vurugu? Tuwalipe? Na akiumia mmoja wao, mzigo ni wa nani?

JIBU: Dada yangu, pole kwa siku ile, na hongera kwa kuuliza kabla haijaja nyingine.

Wewe na mganga mfawidhi mnabishana juu ya milango miwili tofauti. Mlango wa chumba cha dharura ufungwe, hapo yuko sahihi kabisa. Geti la nje halifungiki, hata mkiweka walinzi kumi, kwa sababu anayebisha hapo ndiye gari lenu la wagonjwa. Majeruhi wetu wengi hawaletwi na ambulensi. Wanaletwa na bodaboda, na Noah iliyokuwa inapita, na pikapu ya muuza ndizi. Ukimfungia nje aliyemleta, umemfungia na mgonjwa wake. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai. Hakuna kikao kilichowatuma wavuvi wale.

Kwa hiyo tuache kuuliza kama waje. Watakuja. Cha kuamua ni wasimame wapi, wafanye nini, na nani anawajibika nao, na hayo yaamuliwe siku ambayo hakuna damu sakafuni.

Nianze na jinsi majeruhi wanavyofika, maana ndiko kazi ya kwanza ya kujitolea inakozaliwa. Wanaofika mwanzo huwa ni wenye majeraha madogo. Wanaweza kutembea, wanaweza kupanda pikipiki wenyewe. Walio mahututi bado wamebanwa ndani ya gari, wanasubiri kutolewa na kubebwa. Matokeo yake hospitali ndogo inajaza vitanda vyake vyote kwa michubuko na vidole vilivyoteguka, halafu nusu saa baadaye anafika mwenye tumbo lililojaa damu na hana pa kulala. Wataalamu wa kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani wana kanuni rahisi ya makadirio: karibu nusu ya majeruhi wote mtakaowapata hufika ndani ya saa moja tangu afike wa kwanza. Mkipokea 12 katika saa hiyo, jiandaeni kwa 24 hivi.

Kazi ya kupanga wagonjwa kwa rangi, yaani nyekundu kwa wa kuokolewa sasa hivi, njano kwa anayeweza kusubiri kidogo, kijani kwa mwenye majeraha madogo na nyeusi kwa aliyefariki au asiye na tumaini, ni ya mtaalamu peke yake, na asimame pale wanaposhushiwa, si ndani. Lakini wa kijani wakishapangwa waondoke eneo lile mara moja. Hospitali ya kanisa haikosi ukumbi au kanisa dogo. Wapelekeni huko, wakae na watu wa kujitolea wawili au watatu na muuguzi mmoja anayepita. Kazi ya yule wa kujitolea ni kukaa nao, kuwapa blanketi, kuandika majina, na kupiga kelele akiona mtu anabadilika: aliyekuwa anaongea amenyamaza, anahema haraka haraka kupita mara 30 kwa dakika, anatokwa jasho baridi, anauliza swali lile lile mara tatu. Hayo mtu yeyote mwenye akili timamu anafundishika kwa asubuhi moja. Bila mtu huyo, mgonjwa wa kijani anaweza kugeuka mwekundu kwenye benchi na asionekane.

Machela ndiyo kazi inayokula watu kuliko nyingine zote. Kila machela inataka watu wanne. Kumtoa mtu kwenye bodi ya pikapu hadi chini bila kumkunja mgongo ni kazi ya watu sita, na mmoja wao awe wa kutoa amri: moja, mbili, inua. Mkiwaacha wauguzi wabebe, dakika 20 tu mtakuwa mmebaki na wapagazi wenye leseni ya uuguzi, na wagonjwa hawana wa kuwatundikia dripu.

Na hapo kwenye upagazi, ninyi wa Moshi na wenzenu wa Arusha mna hazina ambayo mikoa mingine haina. Wapagazi wa mlimani wamezoea kushusha mtu aliyezidiwa juu ya mawe, usiku, kwenye mvua. Waongoza watalii wengi wamepitia mafunzo ya huduma ya kwanza ya porini, na wapo wanaomjua mgonjwa aliyeishiwa oksijeni kuliko baadhi yetu tulioko wodini. Juu ya hayo wanazungumza Kijerumani, Kifaransa, Kihispania. Katika ajali ya Ngaramtoni ya Februari 2024, lori lilipogonga magari mengine na watu 25 wakafariki, walikuwemo raia wa kigeni kutoka nchi kadhaa. Siku kama hiyo mkalimani ana thamani ya daktari. Msiishie lugha za ng'ambo: mtafuteni na kijana wa Kimaasai wa kuongea na bibi aliyetoka Simanjiro, anayejua Kiswahili cha sokoni lakini hawezi kukueleza maumivu yanaanzia wapi.

Moto wa Mlima Kilimanjaro wa Oktoba 2020 ulionyesha kwamba watu wa huku hawasubiri kubembelezwa. Walipanda kwa mamia, askari wa hifadhi na zimamoto pamoja na wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka na wanavijiji wa pembeni ya mlima. Tatizo la watu hawa ni msimu. Juni hadi Oktoba wako mlimani, na Desemba tena. Sasa Desemba ndipo Wachaga wanaporudi nyumbani na barabara inajaa magari usiku na mchana, kwa hiyo ajali zinakuja wakati mabega mnayoyategemea yako Kibo. Orodha yenu iandikwe kwa miezi: nani yupo lini. Wanafunzi wa uuguzi nao huondoka likizo zikianza, ingawa mwaka jana ninyi likizo iliwaletea. Mwenye duka, fundi gereji na mama lishe hawaendi popote, na hao ndio uti wa mgongo wa orodha, hata kama hawavutii kama waongoza watalii.

Picha mtandaoni. Nimeona hilo likivunja watu kuliko ajali yenyewe, na halizuiliwi kwa tangazo la ukutani. Linazuiliwa kwa kuwapa ndugu mahali. Kwetu mgonjwa mmoja hufuatwa na ukoo, na ukoo usipopata habari kwa mtu utaitafuta kwenye simu. Wanaoikumbuka Moshi ya tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipokanyagana hadi kufa katika uwanja wa Majengo, hawahitaji kuelezwa maana ya mji mzima kumtafuta mtu wake kwa wakati mmoja.

Wekeni meza ya ndugu, mbali na chumba cha dharura na mbali na mochwari, yenye kivuli, viti na maji. Akae afisa ustawi wa jamii pamoja na watu wazima wawili wa kujitolea wanaoheshimika, mama wa jumuiya na mzee wa msikiti kwa mfano. Wanaandika nani anatafutwa, alivaa nini, namba ya simu ya anayemtafuta. Hawasomi orodha ya waliofariki. Hawasemi “yuko salama” kwa sababu wamesikia kwa mlinzi. Habari ya msiba inatolewa na mtabibu, ndani ya chumba, kwa familia moja moja, akiwepo padri, mchungaji au shehe wanayemtaka wenyewe. Wa kujitolea wote waache simu zao mezani kwa mratibu, au waziweke mfukoni na atakayeitoa aondoke. Waelezeni pia kwamba tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na habari za afya ya mtu zimo ndani yake. Uzoefu wangu ni kwamba vijana hawaogopi sheria kama wanavyoogopa kuvuliwa reflekta, kile kizibao cha kung'aa mtakachowavisha, mbele ya wenzao.

Damu. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Msitangaze kwenye spika ya kanisa siku ya ajali kwamba watu waje kutoa damu. Damu ya leo lazima ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende kabla ya kumwekea mtu, kwa hiyo itakayowaokoa majeruhi wa leo ni ile iliyokuwa kwenye friji tangu jana. Damu nzima hukaa siku 35 tu. Mkiwatoa watu 100 kwa siku moja, mtajikuta na chupa zinazoisha muda pamoja, huku wale 100 hawaruhusiwi kurudi mpaka miezi mitatu kwa wanaume na minne kwa wanawake. Waandikeni majina na simu, muwashukuru, halafu muwaite kwa mafungu wiki zinazofuata mkishirikiana na Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, ambao kituo chao cha Kanda ya Kaskazini kiko hapo hapo Moshi. Kituo chenyewe kikiomba watoaji siku hiyo, ni jambo lingine.

Bodaboda wanahitaji fungu lao, na msiwafundishe mengi, kwa sababu ukimfundisha mtu mambo kumi kwa siku moja atakumbuka moja, na huwezi kujua ni lipi. Mimi huchukua matatu. Damu inayochuruzika ibanwe kwa kitambaa na viganja viwili, kwa nguvu, bila kufunua kuchungulia, mpaka mkabidhiane na mtabibu. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu. Na asiyehisi miguu, au anayelia shingo, asipandishwe mshikaki katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Asubiri gari lenye sakafu bapa, abebwe juu ya ubao au mlango. Hili la tatu ndilo gumu, maana haraka inaonekana ni huruma. Wafanyeni wafanye wenyewe, mmoja awe mgonjwa, wamkunje wamwone anavyokaa.

La nne linahusu wao na si mgonjwa: lori la mafuta likianguka, wakimbie upande upepo unakotoka, wawazuie wengine, wapige 114. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la petroli kupinduka na umati kusogea kuchota.

Sasa nani awe na watu hawa. Jina moja, na lisiwe lako. Siku hiyo muuguzi mfawidhi anaitwa na kila mtu, huwezi pia kugawa reflekta. Katibu wa hospitali anafaa, na awe na msaidizi wa zamu ya usiku, kwa sababu ajali haziangalii saa za ofisi. Anakaa kwenye geti moja dogo, si lile la magari, na daftari: jina, simu, kijiwe au jumuiya, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Saa ya kutoka ndiyo watu husahau, halafu saa nne usiku hakuna anayejua yule kijana wa kwaya yuko ndani au alishakwenda nyumbani. Reflekta ziwe za bluu. Msichukue nyekundu, njano wala kijani, maana rangi hizo siku hiyo ni za wagonjwa.

Wale wasio kwenye daftari, wanaofika wakiwa na moyo tu, msiwafukuze na msiwaingize. Wakae sehemu moja chini ya mti, waulizwe wanajua nini, wapewe maji ya kubeba, njia ya kuweka wazi, machela ya pili. Akija mtu akasema ni daktari, aonyeshe usajili wake wa Baraza la Madaktari. Asipokuwa nao, machela ipo. Hii inamhusu na mtalii daktari aliyetoka kushuka mlimani, hata awe bingwa kwao. Atasaidia sana kukaa na wa kijani wanaoongea lugha yake.

Mmoja wao akiumia. Bomu lilipolipuka Oklahoma City, Marekani, tarehe 19 Aprili 1995, muuguzi mmoja aliingia kwenye jengo lililobomoka kuwatoa watu. Aliumia kichwani na kufariki siku nne baadaye. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: wa kujitolea wa hospitali anafanya kazi ndani ya uzio wa hospitali. Eneo la ajali lina wenyewe, Zimamoto na polisi, na anayekwenda huko yuko chini yao. Ya pili: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa walioajiriwa, kwa hiyo msidhani utamgusa kijana wa bodaboda aliyechomwa na sindano kwenye korido yenu. Bodi ya hospitali iandike, kwa maneno ya kawaida, kwamba aliyesajiliwa akiumia kazini atatibiwa bure. Glavu zitolewe getini pamoja na reflekta. Aliyechomwa au kurukiwa na damu machoni aanze dawa kinga ya VVU mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 72. Wabeba machela wapewe chanjo ya homa ya ini B mapema, maana dozi tatu zinachukua miezi sita. Njia nyingine ya kupunguza mzigo huu ni kuwaunganisha na Msalaba Mwekundu, chama kilichoundwa kwa sheria tangu 1962, ambacho kina mafunzo na vitambulisho vyake.

Kuhusu malipo, muda haulipwi, mafuta yanalipwa. Mkianza kutoa posho ya siku, ajali ijayo mtapata foleni ya watu wa posho na wale wa kweli watajitoa kimya kimya. Lakini bodaboda aliyewaletea majeruhi watatu ametumia petroli yake na ameacha wateja. Mfano mnao: huduma ya m-mama, ile ya namba 115, inawatumia madereva wa kawaida wa mtaani kuwabeba wajawazito na watoto wachanga pale ambulensi inapokosekana, na dereva analipwa safari kwa kiwango kilichokubaliwa. Tengeni kifungu kidogo kama hicho. Tengeni na bomba, sabuni na maji ya klorini pembeni mwa geti, aoshe siti yake na mikono yake kabla hajarudi barabarani. Ni jambo dogo, na kwa dereva linaonyesha heshima kuliko cheti.

Kuna kingine kinachowakimbiza madereva kuliko gharama: polisi. Wanaogopa kumleta majeruhi kisha washikwe kama ndio waliomgonga. Nenda na mganga mfawidhi kwa mkuu wa kituo cha polisi mkubaliane kwamba aliyeleta mgonjwa anaacha jina na namba, anaondoka, ataitwa akihitajika; na kwamba majeruhi anatibiwa kwanza, fomu ya polisi ya PF3 inafuata. Mkimaliza hapo, pitisheni mpango wenu kwenye kamati ya maafa ya wilaya. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaweka kamati hizo kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa, na mpango usiojulikana kwao utapanguliwa siku hiyo hiyo na kiongozi wa kwanza atakayefika.

Fanyeni zoezi angalau mara moja kwa mwaka, na lifanyike jioni, umeme ukiwa umezimwa. Kwaya wawe majeruhi, wanapenda kuigiza. Baada ya tukio la kweli, mratibu awapigie simu wote waliobeba maiti au watoto, siku chache baadaye, awasikilize wanalala vipi.

Kwa mganga mfawidhi usipeleke hoja ndefu. Mpelekee karatasi moja: geti lipi, mratibu nani, kazi zipi zinaruhusiwa, na mstari mnene unaosema hakuna wa kujitolea atakayevuka mlango wa chumba cha dharura isipokuwa ameshika machela, na akiishusha anatoka. Nadhani mstari huo ndio aliokuwa anautafuta aliposema geti lifungwe. Akisaini, mwezi Aprili wageni wakipungua anza na vijiwe vya bodaboda na kambi za wapagazi, kabla hawajatawanyika. Kwaya utaipata Jumapili yoyote.